Alama Nne, Bilioni Tano

Katika kanuni za PIP, posho ya ulemavu ya Uingereza, shughuli ya nne ni kuoga. Anayeoga mwenyewe bila taabu hapati alama. Anayehitaji kigoda bafuni au vyuma vya kushikilia ukutani anapata 2. Anayehitaji mtu wa kumwosha nywele, au wa kumwosha kuanzia kiunoni kwenda chini, naye ni 2. Anayeshikwa ili aweze kuingia na kutoka bafuni anapata 3. Anayehitaji kuoshwa sehemu iliyo kati ya mabega na kiuno anapata 4.

Kwa hesabu hiyo, mgongo wa mtu una uzito mara mbili ya miguu yake. Ndugu zangu mlioko Leicester au Reading, mnaoamka alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu, mnajua kazi haigawanyiki hivyo. Miguu ndiyo inayomvunja mwoshaji kiuno.

Tuseme kuna mama mwenye baridi yabisi. Bafuni anatumia kigoda, chooni anashikilia vyuma, jikoni hawezi kukata kitunguu bila kisu maalumu, na asubuhi mtu lazima amvalishe suruali na soksi. Mbili, mbili, mbili na mbili: alama 8. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26, alama 8 zilimpa paundi 73.90 kwa wiki. Machi 18, 2025, Waziri wa Kazi na Pensheni, Liz Kendall, alisimama bungeni akatangaza kwamba kuanzia Novemba 2026 alama 8 peke yake hazitatosha. Ni lazima mwombaji awe na alama 4 katika shughuli moja. Mama wetu mwenye mbili-mbili zake angetoka mikono mitupu, na binti anayemtunza naye angepoteza posho ya mtunzaji, kwa kuwa hiyo imefungwa kwenye ya mgonjwa.

Kwa nini 4? Kwa nini isiwe 3, au 5? Nimesoma maelezo ya serikali na maelezo ya wanaoitetea, na jibu ninalolipata halimhusu mama huyu wala soksi zake. Linahusu namba nyingine kabisa. Hazina ilitaka kuokoa paundi bilioni 5 kwa mwaka ifikapo 2029/30, na wizara ikatumwa kutafuta mahali pa kuzichota.

Tazama mfuatano wake. Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alikuwa amejiwekea kanuni kwamba ifikapo 2029/30 matumizi ya kawaida ya serikali yalipwe kwa mapato, si kwa mikopo. Oktoba 2024 alijiachia akiba ya paundi bilioni 9.9 juu ya mstari huo. Riba zikapanda, uchumi ukadorora, na kufikia Machi akiba yote ilikuwa imeyeyuka na kugeuka pengo la zaidi ya bilioni 4. Siku nane baada ya tangazo la Kendall, Reeves akasoma taarifa yake ya fedha. OBR, ofisi huru inayokagua makadirio ya bajeti, ilikuwa imemwambia kwamba makato ya posho hayafikishi bilioni 5. Basi vipengele vikabanwa zaidi ili hesabu ikae sawa. Na ilipokaa sawa, akiba ilirudi kuwa kiasi gani? Bilioni 9.9. Ileile, hadi nukta. Fundi cherehani anayekata kitambaa kwanza kisha akamtafuta mwenye mwili wa kukienea angeonekana ana wazimu. Serikali ikifanya hivyo, inaitwa nidhamu ya fedha.

Siku hiyohiyo ya taarifa, wizara yenyewe ilitoa tathmini yake: watu 250,000 zaidi wangeingia kwenye umaskini, 50,000 kati yao watoto. Haya si maneno ya wapinzani wala ya wanaharakati. Yaliandikwa na watumishi wa serikali hiyohiyo iliyokuwa ikiyaleta makato.

Nakubali kuna tatizo. Serikali ilisema watu 1,000 wanaingia kwenye PIP kila siku, sawa na kuongeza mji wa ukubwa wa Leicester kila mwaka. Gharama hiyo hakuna Waziri wa Fedha atakayeitazama akalala usingizi. Lakini hoja iliyotangazwa majukwaani ilikuwa kuwarudisha watu kazini, na PIP haina uhusiano na mtu kuwa au kutokuwa na kazi. Analipwa mwalimu anayefundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, analipwa pia asiyeweza kutoka kitandani. Ukimnyang'anya mwalimu huyo pesa ya kumlipa anayemvalisha asubuhi, kesho yake hafiki shuleni.

Serikali ilifungua mlango wa maoni ya wananchi, isipokuwa kwamba kanuni ya alama nne haikuwa miongoni mwa mambo yaliyoulizwa. Na mlango wenyewe ulifungwa Juni 30. Kura ya kwanza bungeni ilipangwa Julai 1.

Muswada uliwasilishwa Juni 18. Kesho yake Vicky Foxcroft akajiuzulu.

Jina lake halikuwa kubwa, na ndiyo maana kuondoka kwake kulikuwa na uzito. Foxcroft alikuwa mnadhimu wa serikali. Kazi ya mnadhimu ni kuhesabu kura na kuwaswaga wabunge wenzake waingie kwenye mlango unaotakiwa. Kabla ya chama chake cha Labour kuingia madarakani alikuwa msemaji wa chama kuhusu watu wenye ulemavu, akikaa nao, akisikiliza habari za fomu hizohizo. Aliandika kwamba mfumo unahitaji marekebisho lakini makato haya si njia, na kwamba hawezi kuyapigia kura. Mchungaji akikataa kuswaga, mwenye zizi aende akaangalie ng'ombe wake.

Waziri Mkuu, Keir Starmer, hakwenda. Wiki iliyofuata, Meg Hillier, mwenyekiti wa kamati ya bunge inayoisimamia Hazina, mwanamke ambaye hajawahi kuitwa mkorofi, alipeleka hoja ya kuusimamisha muswada. Ilianza na majina ya wabunge wa Labour zaidi ya 100, ikafika 126. Miongoni mwao walikuwamo wenyeviti wa kamati, watu wazima wa chama, si wale wa kelele za kila siku. Starmer alikuwa The Hague kwenye mkutano wa NATO, na akiwa huko aliyachukulia kama makelele ya pembeni. Labour ilishinda viti 411 mwaka 2024, na ukipiga hesabu, waasi 80 na ushei wangetosha kuishinda serikali kwenye kura. Hapa palikuwa na mara moja na nusu ya idadi hiyo. Makelele gani ya pembeni yana sahihi 126?

Aliporudi, simu zilipigwa usiku. Kufikia asubuhi ya Juni 27 serikali ilikuwa imekubali kwamba wanaolipwa PIP tayari wasiguswe, kanuni iwakute wapya tu. Hillier akaridhika. Wengine wakauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: yaani mwenye ugonjwa wa mwaka huu na mwenye ugonjwa uleule wa mwakani, miili yao ina tofauti gani?

Kilichotokea Julai 1 nilikitazama moja kwa moja, na katika miaka yote ya kufuatilia mabunge, la hapa nyumbani na ya kwao, sijapata kuona kitu kama kile. Wabunge wamechangia mchana kutwa, kwa na dhidi, juu ya kifungu cha alama nne. Zimebaki kama dakika tisini kabla ya kura. Waziri wa nchi, Stephen Timms, mzee mpole anayeheshimiwa na pande zote, anainuka katikati ya mchango wa mtu mwingine na kutangaza kwamba kifungu hicho kitaondolewa. Hakuna kitakachobadilika kwenye PIP mpaka yeye mwenyewe akamilishe mapitio yake, yatakayoandaliwa pamoja na watu wenye ulemavu. Ukumbi ukabaki unatazamana. Watu walikuwa wanajadili maiti. Muswada ulikuwa na neno PIP kwenye jina lake, na PIP ndiyo kwanza imetolewa kwa mdomo, bila hata karatasi.

Kura zikapigwa hata hivyo: 335 kwa 260. Wabunge 49 wa Labour waliukataa hata baada ya kutolewa uti wa mgongo.

Kesho yake Reeves alionekana akibubujikwa na machozi nyuma ya Starmer bungeni. Ofisi yake ilisema ni jambo binafsi, na mimi naliacha hapo. Linalonihusu ni kwamba soko la dhamana za serikali lilitikisika saa hiyohiyo, riba zikaruka, paundi ikashuka. Machozi ya waziri mmoja yalisomwa na wenye fedha haraka kuliko tathmini ya watu 250,000.

Na zile bilioni 5? Baada ya kuondolewa kipande hiki na kile, wachambuzi wa IFS, taasisi ambayo magazeti yote ya Uingereza huikimbilia kwenye mambo ya bajeti, walisema kifurushi kizima cha mabadiliko hakitaleta akiba yoyote katika miaka minne ijayo. Miezi mitatu ya kuwatisha watu, mnadhimu mmoja amekwenda, mamlaka ya waziri mkuu yametobolewa, na kwenye daftari hakuna hata paundi moja.

Tarehe ya tangazo la Kendall, Machi 18, ilinirudisha nyuma miaka tisa kamili. Ijumaa ya Machi 18, 2016, jioni, Iain Duncan Smith aliacha kiti hichohicho alichokuja kukikalia Kendall. Chama kingine (Conservative), posho ileile, hata fomu ileile. Safari hiyo Hazina ilikuwa chini ya George Osborne, na alama zilizokuwa zinapunguzwa ni zile za vifaa vya kujisaidia kuvaa na kwenda chooni, zishuke kutoka 2 hadi 1. Jumla ya kuokolewa ilitajwa kuwa paundi bilioni 4.4 katika kipindi kile cha bunge. Bajeti hiyohiyo, iliyosomwa siku mbili kabla, ilikuwa imeteremsha kodi ya faida ya mauzo ya mali kutoka asilimia 28 hadi 20, na kuwapunguzia mzigo wenye kipato kizuri kwa kupandisha kiwango cha kuanza kukatwa kodi ya juu hadi paundi 45,000. Ukiviweka vitu hivyo kwenye karatasi moja, huhitaji mpinzani wa kukusemea.

Duncan Smith alisema katika barua yake kwamba hawezi kukaa akitazama sera zikitungwa ili kutimiza vikwazo ambavyo serikali imejiwekea yenyewe, vikwazo ambavyo kadiri siku zinavyokwenda vinaonekana kuwa vya kisiasa kuliko vya kiuchumi. Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alijibu kwamba ameshangazwa na kusikitishwa. Jumapili, kwenye televisheni, Duncan Smith aliongeza kwamba mwelekeo ule una hatari ya kuigawa jamii.

Maneno mazuri. Tatizo ni aliyeyasema. PIP ni kazi ya mikono yake. Yeye ndiye aliyeipitisha kwenye sheria ya 2012 na kuianzisha 2013, ikichukua nafasi ya posho ya zamani kwa lengo la kupunguza gharama kwa asilimia 20. Yeye ndiye wa makato kwa mpangaji wa nyumba ya umma mwenye chumba cha ziada, yale ambayo wananchi waliyapachika jina la kodi ya chumba cha kulala. Karibu miaka sita alikuwa ameshika panga, kisha jioni moja akashangaa kwamba lina makali. Waziri aliyekuwa chini yake, Ros Altmann wa pensheni, hakungoja hata wiki iishe kabla ya kumvaa hadharani, akisema kufanya naye kazi kulikuwa kugumu mno na kwamba makato yale alikuwa akiyatetea yeye mwenyewe.

Wengi walisema ni Brexit tu. Kura ya maoni ilikuwa Juni 23, Duncan Smith alikuwa kinara wa kujitoa Ulaya, Cameron na Osborne vinara wa kubaki, na kumchafua Osborne wakati ule kulikuwa na faida yake. Mimi naona wanaotaka kuchagua sababu moja wanajisumbua. Mtu anaweza kuchukia makato na kumchukia aliyemlazimisha kuyafanya, yote katika kifua kimoja. Nyumba za siasa hazina chumba tofauti cha dhamira na chumba tofauti cha chuki.

Lililo muhimu zaidi lilitokea Jumatatu. Mrithi wake, Stephen Crabb, alisimama bungeni kwenye kazi mpya ambayo hata hajaizoea, akasema makato ya PIP hayataendelea na serikali haina mpango wa makato mengine ya posho. Bilioni 4.4 ambazo Jumatano zilikuwa za lazima kwa uhai wa taifa, Jumatatu zilikuwa zinaweza kusubiri. Osborne hakuonyesha angezitoa wapi, na mbingu hazikuanguka.

Ukisharuhusu jicho lako kuona hilo, historia nzima ya magomvi haya inabadilika sura. Agosti 1931, Baraza la Mawaziri la Ramsay MacDonald, Waziri Mkuu wa Labour, lilivunjika juu ya kupunguza posho ya wasio na kazi kwa asilimia 10: 11 waliunga mkono, 9 wakakataa. Mabenki ya New York yalikuwa yanasubiri ishara ya ukali kabla ya kukopesha, ili paundi ibaki imefungwa kwenye dhahabu. MacDonald akaunda serikali ya umoja pamoja na Conservative, chama chake kikamfukuza, na uchaguzi wa Oktoba ukakiacha na viti 52. Posho zilikatwa. Paundi ilifunguliwa kutoka kwenye dhahabu Septemba 21, mwezi mmoja tu baada ya yote hayo. Mwaka 1951 Aneurin Bevan, aliyeijenga huduma ya afya ya bure, alijiuzulu kwa sababu ya malipo ya meno bandia na miwani, paundi milioni 13 za mwaka ule ndani ya bajeti iliyokuwa ikimwaga mabilioni kwenye silaha wakati wa vita vya Korea. Harold Wilson akamfuata nje. Desemba 1997 ilikuwa zamu ya Malcolm Chisholm, waziri mdogo wa Scotland, juu ya posho ya wazazi wanaolea peke yao. Makato yale Labour ilikuwa imeyarithi kutoka kwa Conservative, kwa kuwa Gordon Brown, Waziri wa Fedha, alikuwa ameahidi kufuata mipango yao ya matumizi kwa miaka miwili. Waasi wa Labour siku hiyo walikuwa 47. Muswada wa 2025 ulipopigiwa kura ya mwisho Julai 9, waasi walikuwa 47 vilevile. Sadfa tu, lakini nimeitabasamia.

Kuna kujiuzulu kumoja ambako kunanisumbua kuliko hayo yote, kwa sababu hakukubadilisha kitu. Februari 2025 Starmer alitangaza kwamba msaada wa nje utapunguzwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Anneliese Dodds, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alisubiri Starmer amalize safari yake ya kwenda kumwona Trump ili asimharibie, kisha Februari 28 akajiuzulu. Aliandika kwamba makato hayo yatawaondolea watu wenye shida kubwa chakula na matibabu. Barua yake ilikuwa na heshima kuliko ya Duncan Smith, na yeye hakuwa na panga la kuficha.

Ikawaje? Pakawa kimya. Hapakuwa na Meg Hillier wala sahihi 126, na hapakuwa na waziri wa kuinuka dakika tisini kabla ya kura, kwa kuwa hata kura yenyewe haikuwepo. Mama anayepeleka mtoto kliniki Goma au Turkana hapigi kura Oxford, na Oxford ndiko jimbo la Dodds. Mama mwenye baridi yabisi anapiga kura Lewisham, anapiga Hackney, na ana binti, ana jirani, ana mbunge ambaye kila Ijumaa hukaa ofisini kwake jimboni akisomewa fomu. Sisemi wale 126 hawakuwa na huruma. Nasema huruma yao ilikuwa na anwani na msimbo wa posta.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Julai 2025 dhamira iliishinda Hazina, namjibu kwamba namba iliishinda namba. Hazina ilikuja na bilioni 5, waasi wakaja na 126, na 126 ikawa kubwa. Ndiyo sababu Starmer hakujifunza huruma bali alijifunza kulipiza. Julai 16 aliwavua wanne uanachama wa kundi la wabunge wa Labour, Rachael Maskell akiwamo, yule aliyeongoza hoja ya kuukataa muswada hata baada ya mabadiliko. Walirudishwa Novemba, wakati ambapo alikuwa anahitaji marafiki zaidi kuliko nidhamu.

Maskell alikuwa na sababu ya kuendelea kukataa. Wakati kila mtu anaitazama PIP, kipande kingine cha muswada kilipita na sasa ni sheria. Mgonjwa asiyeweza kufanya kazi hupata nyongeza juu ya posho ya msingi, ambayo mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa kama paundi 97 kwa wiki. Kwa wanaoomba kuanzia Aprili 2026, wakiondolewa walio mahututi na wenye hali mbaya za kudumu maisha yao yote, nyongeza hiyo ni kama paundi 50, na imegandishwa hapo. Watu wawili wa mtaa mmoja, mapafu yao mabovu sawasawa, daktari wao mmoja. Wa kwanza alijaza fomu mwisho wa Machi. Wa pili alikuwa bado anaamini atapata nafuu, akangoja wiki tatu.